Kaboni monoksidi kutoka angani: MOPITT, TROPOMI au IASI?

Ramani yangu ya kwanza ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotoka pale kitu kinapoungua vibaya, ilikuwa na shimo. Nilikuwa nimepakua data ya mwezi mzima wa Agosti, nikaipaka rangi kuanzia buluu hadi nyekundu, nikakaa kuitazama Afrika Mashariki. Pale kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania kulikuwa na doa la buluu lililokolea, kana kwamba mtu amefungua dirisha la hewa safi katikati ya nchi. Nikaandika kwenye ripoti kwamba eneo lile lina hewa safi kuliko pote. Nairobi nayo ilitoka safi kuliko Mombasa na Dar es Salaam, na hilo nikalieleza kwa maneno mengi ya kitaalamu kuhusu upepo. Aliyeipitia ripoti hakuandika maelezo marefu. Alizungushia doa lile kalamu nyekundu, akaandika: "Huu ni Mlima Kilimanjaro."

Tangu hapo, kila ninapoulizwa na mwanafunzi au mwandishi wa habari "nichukue data ya satelaiti ipi?", huwa sianzi na majina ya vifaa vyenyewe, MOPITT, TROPOMI na IASI. Huanza na lile shimo.

Kwanza, namba yenyewe ni ya nini

Satelaiti haina pua. Haivuti hewa ya Kariakoo ikaipima. Inachosoma ni mwanga uliopita katikati ya angahewa yote, na kutokana na mwanga huo inakadiria idadi ya molekuli za kaboni monoksidi zilizosimama juu ya mita moja ya mraba ya ardhi, kuanzia chini hadi juu kabisa. Hiyo ndiyo safu. Kipimo chake ni moli kwa mita ya mraba, au molekuli kwa sentimita ya mraba kwa wale wa zamani. (Moli 1 kwa mita ya mraba ni molekuli 6.022 × 10¹⁹ kwa sentimita ya mraba. Iandike mahali, maana MOPITT na TROPOMI hawazungumzi lugha moja, na nimeona watu wakiwachora kwenye grafu moja bila kubadilisha kitu.)

Chukua hewa yenye sehemu 100 kwa bilioni za gesi hii, isambae sawasawa toka chini hadi juu. Dar es Salaam, usawa wa bahari, safu yake itakuwa kama moli 0.036 kwa mita ya mraba. Ipeleke hewa hiyo hiyo Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama hektopaskali 830 tu badala ya 1,013. Safu inashuka hadi 0.029. Hakuna aliyesafisha chochote. Hewa iliyopo juu ya kichwa ni chache, basi. Kilimanjaro ndiyo usiseme.

Kwa hiyo, kifaa chochote utakachochagua hapa chini, igawanye safu ya gesi kwa safu ya hewa yote kabla ya kulinganisha mahali na mahali. Unahitaji kanieneo ya ardhini, na mafaili mengi yanakuja nayo. Ukishapata sehemu kwa bilioni, Arusha na Tanga zinaweza kukaa meza moja.

MOPITT, mzee wa kazi

Kifaa cha Kanada kilichopandishwa kwenye satelaiti ya Terra ya Marekani tarehe 18 Desemba 1999, kikaanza kutoa data Machi 2000. Chuo Kikuu cha Toronto ndicho kilichokuwa kinara wa kifaa chenyewe, na kituo cha utafiti wa angahewa cha NCAR kule Boulder, Colorado, ndicho kimekuwa kikigeuza mwanga kuwa namba. Kabla yake kulikuwa na MAPS, kilichorushwa na vyombo vya Space Shuttle mwaka 1981, 1984 na mara mbili 1994, safari za siku chache tu kila moja. Hata hivyo siku hizo chache zilitosha kuonyesha kwamba gesi hii si ya viwanda vya kaskazini peke yake: mioto ya nyika ya Afrika na Amerika Kusini ilionekana wazi kutoka juu.

Ninachokipenda kwa MOPITT ni ujanja wake. Ndani ya kifaa kuna vichupa vyenye kaboni monoksidi yenyewe. Mwanga unaotoka duniani unapitishwa kwenye kichupa, kisha kiasi cha gesi kichupani kinabadilishwa kwa haraka, mara kingi mara kidogo. Mawimbi yanayomezwa na kaboni monoksidi hubadilika. Mengine yote, ya mvuke wa maji na ya methani, hubaki karibu vilevile. Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo ishara inayotafutwa. Yaani gesi inatumika kuitambua gesi yenzake, kama ufunguo na kufuli lake.

Ubaya wake nao si haba. Pikseli, yaani kipande kidogo kabisa cha ardhi kinachopewa namba yake, ni kilomita 22 kwa 22. Kisiwa cha Unguja upana wake haufiki kilomita 40, kwa hiyo ukikosa bahati pikseli yako ni nusu kisiwa nusu bahari. Ukanda uliosomwa kila satelaiti ilipopita ulikuwa na upana wa kilomita 640 hivi, na kuizunguka dunia yote kulichukua siku tatu au nne. Pia kilihitaji anga lisilo na mawingu. Jaribu kutafuta vipimo vya pwani mwezi Aprili, masika yamekolea, utajikuta na namba za kuhesabu vidoleni.

Mei 2001 kipozeo kimoja kiliharibika, kikapoteza nusu ya chaneli zake, kikarudi kazini Agosti mwaka huohuo kwa mpangilio mwingine. Ndiyo maana wanaochora mwelekeo wa miaka mingi wengi wao huanzia 2002, au huziweka sehemu hizo mbili mbalimbali. Mwisho wa safari nako kuna kokoto: mafuta ya Terra yalipokaribia kuisha ilishushwa njia yake Oktoba 2022, na saa ya kupita ilikuwa imeshaanza kusogea mapema kutoka saa nne na nusu asubuhi ya awali. Kifaa kilizimwa mwaka 2025.

Miaka ishirini na mitano. Hakuna mwingine mwenye kumbukumbu ya namna hiyo ya gesi hii. Kutokana nayo na vifaa wenzake tunajua kwamba kaboni monoksidi duniani imekuwa ikipungua, kama nusu asilimia kwa mwaka kati ya 2002 na 2018, hasa kwa sababu magari na viwanda vya nchi nyingi za kaskazini vinaunguza vizuri zaidi kuliko zamani. Tunajua pia jinsi mioto ya mboji ya Indonesia ya Septemba na Oktoba 2015, mwaka wa El Niño, ilivyovuruga hesabu hiyo.

TROPOMI, macho makali ya mchana

Hiki kilipanda na satelaiti ya Ulaya Sentinel-5P tarehe 13 Oktoba 2017. Ni kazi ya Uholanzi na Shirika la Anga la Ulaya; taasisi ya SRON ndiyo iliyotengeneza njia ya kuhesabu kaboni monoksidi. Ukanda wake ni kilomita 2,600, kwa hiyo kila siku dunia nzima imesomwa. Pikseli ilikuwa kilomita 7 kwa 7, na tangu 6 Agosti 2019 ni 5.5 kwa 7. Ukitoka kwenye MOPITT ukaja huku, ni kama kutoka kwenye redio ya mkulima ukakabidhiwa televisheni.

Kinasoma mwanga wa jua ulioakisiwa na ardhi, kwenye mawimbi ya mikromita 2.3. Mwanga huo umeshuka hadi chini na kupanda tena, umepita tabaka la chini mara mbili, kwa hiyo molekuli iliyo karibu na ardhi inahesabiwa karibu sawa na iliyo juu. Kwa anayejali hewa ya chini hilo ni jambo kubwa. Ila kifaa hakisemi molekuli iko kimo gani. Unapewa jumla, kama mtu anayekuambia idadi ya watu kwenye ghorofa bila kusema nani yuko chini na nani yuko juu.

Usiku hakioni. Baharini ni tatizo pia, kwa kuwa maji ni meusi kwenye mawimbi hayo. Wataalamu wake walipata njia ya werevu: mawingu ya chini yanatumika kama kioo. Kinachosomwa ni gesi iliyo juu ya wingu, na kilicho chini ya wingu kinajazwa kwa kufuata umbo linalotabiriwa na modeli ya kompyuta. Ndiyo maana ramani zake za Bahari ya Hindi zimejaa vizuri hadi zinapendeza. Zipendeze tu, lakini usiandike tasnifu juu ya hewa ya Mafia kwa kutegemea sehemu iliyojazwa.

Hapa ndipo kichujio cha ubora kinapohitaji akili. Kila pikseli inakuja na alama kati ya 0 na 1. Ushauri wa kawaida ni kubakiza zenye zaidi ya 0.5, lakini kiwango hicho kinapitisha na mawingu ya kimo cha kati, hadi mita 5,000. Kwa moshi uliopanda juu haina neno. Kwa hewa ya mjini, mimi hubakiza zaidi ya 0.7 tu, nikakubali kupoteza vipimo vingi.

Wengi siku hizi hawapakui mafaili. Wanaenda Google Earth Engine, jukwaa la mtandaoni la kuchakata data za satelaiti, mkusanyo wa COPERNICUS/S5P/OFFL/L3_CO, wanachora kwa mistari kumi ya msimbo. Ni njia nzuri ya kuanzia na simlaumu mtu. Ila jua mambo mawili. Data ile imeshachujwa kwa 0.5 kabla hujaigusa. Na gridi yake ni ya kilomita moja na ushee, jambo linalowafanya watu wadhani wanaona mtaa kwa mtaa. Kifaa hakikuzaliwa upya ndani ya kompyuta: pikseli ya kweli bado ni kilomita 5.5 kwa 7, imekatwakatwa tu. Nimewahi kuoneshwa ramani iliyodai kutofautisha Mikocheni na Msasani. Nilikaa kimya kwa heshima.

IASI na ndugu zake wa usiku

IASI ni ya Ufaransa na EUMETSAT, shirika la Ulaya la satelaiti za hali ya hewa, kwenye satelaiti za MetOp: A ya 2006 iliyostaafu 2021, B ya 2012 na C ya 2018. Pikseli yake ni duara la kilomita 12, ukanda kilomita 2,200, na inapita saa tatu na nusu asubuhi na saa tatu na nusu usiku. Inasoma joto linalotoka ardhini na hewani, mionzi ya infraredi, kwa hiyo giza si kizuizi wala bahari si kizuizi.

Kizuizi chake ni kingine. Kipimo cha joto kinaona gesi pale tu ambapo gesi hiyo ina joto tofauti na ardhi iliyo nyuma yake. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe akisimama mbele ya ukuta mweupe, utamwonaje? Hewa ya mita mia chache za chini mara nyingi ina joto karibu sawa na la ardhi, hasa usiku na baharini, basi inapotea machoni. Dodoma mwezi Oktoba, jua la mchana limeikaanga ardhi hadi nyayo zinaungua, tofauti inakuwa kubwa na chini kunaonekana afadhali. Bahari ya Hindi usiku, sahau. Kinachoonekana vizuri ni hewa ya katikati, kilomita nne, tano, sita juu.

AIRS ya satelaiti ya Aqua (2002) na CrIS ya Suomi NPP na wadogo zake NOAA-20 na NOAA-21 ni ukoo huohuo: joto, usiku na mchana, hewa ya kati. Kama kazi yako ni kufuata moshi wa mioto ya Angola na Zambia unavyovuka kwenda Bahari ya Hindi, ukoo huu utakufaa kuliko TROPOMI, kwa sababu moshi ukishapanda na kuingia baharini ndipo wao wanapouona vizuri.

Hewa ya chini kabisa, ambako ndiko ugomvi uliko

MOPITT alisoma pande zote mbili: joto kwenye mikromita 4.7 hivi, na mwanga wa jua ulioakisiwa kwenye 2.3. Wazo lenyewe ni rahisi. Joto linakuambia habari za katikati. Jua linakupa jumla yote. Ukitoa, kinachobaki kinaelekea kuwa cha chini. Ndiyo maana data zake ziko za aina tatu: T ya joto pekee, N ya jua pekee, na J ya pamoja. Ukiona faili limeandikwa MOP02J, hiyo ndiyo ya pamoja. MOP03JM ni wastani wa mwezi kwenye gridi ya digrii moja. Kwa miaka mingi huyu ndiye aliyekuwa peke yake mwenye pande zote mbili ndani ya kifaa kimoja, na kwa hewa ya chini juu ya nchi kavu, mchana, bado ndiye aliyeacha kumbukumbu yenye maana zaidi.

Lakini fungua faili lake uone mtego. Kuna ngazi kumi: ardhini, hektopaskali 900, 800, hadi 100. Namba kumi zimejipanga, kila moja na tarakimu zake. Mwanafunzi anachukua ya kwanza, ya ardhini, anaandika "kiwango cha kaboni monoksidi Mwanza kilikuwa kadhaa". Pole. Habari halisi iliyomo kwenye kipimo kimoja haizidi mbili. Nyingine ni namba mbili zilezile zilizotandazwa kwenye ngazi kumi kwa msaada wa makisio ya awali yanayotoka kwenye modeli. Pale kipimo kilipokosa nguvu, namba inarudi polepole kwenye makisio, na wewe unabaki unachora modeli ukidhani unachora hewa. Kila pikseli inakuja na jedwali la usikivu linaloonyesha kila ngazi imesikia nini hasa. Asiyelifungua jedwali hilo asitumie namba ya ardhini. Hilo sina simile nalo.

Kitu kimoja cha kumtetea: makisio yake ya awali hayabadiliki mwaka hadi mwaka, yanabadilika kwa mwezi na mahali tu. Kwa hiyo ukiona mwelekeo wa kupanda au kushuka ndani ya miaka ishirini, haukutoka kwenye modeli.

Sasa tuulize swali la mtu wa mjini: je, satelaiti itaiona Dar es Salaam? Tupige hesabu ya kukadiria. Sema jiji linaongeza sehemu 300 kwa bilioni kwenye mita 500 za chini. Mita hizo 500 ni chini kidogo ya asilimia 6 ya hewa yote. Kwenye wastani wa safu, nyongeza hiyo ni kama sehemu 17 kwa bilioni. Hewa iliyokuwa 100 inasomeka 117. Kosa la nasibu la pikseli moja ya TROPOMI linaruhusiwa kufika asilimia 10 kwa mujibu wa malengo yake, kwa hiyo siku moja haikuthibitishii kitu. Wiki kadhaa zikijumlishwa, jiji linajitokeza. Kwa MOPITT, yenye pikseli ya kilomita 22 na vipimo vichache, unahitaji miaka.

Halafu kuna saa. MOPITT ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, IASI ni saa tatu na nusu, TROPOMI saa saba na nusu mchana. Sasa fikiria majiko ya mkaa yanawashwa saa ngapi. Alfajiri kwa chai, na jioni kuanzia saa kumi na mbili: mwenye chipsi anapepea jiko lake kando ya barabara, daladala zimefungana bampa kwa bampa, upepo wa bahari umeanza kulegea. Saa hiyo hakuna satelaiti hata moja kati ya hizi iliyo juu. TROPOMI inafika jua likiwa limeshaichemsha ardhi na kuikoroga hewa hadi kimo cha kilomita moja au zaidi. Kijiko kile kile cha sukari, asubuhi kilikuwa kwenye kikombe, mchana kiko kwenye birika zima. Safu itasoma karibu sawa. Pua ya mpita njia haitasema hivyo.

Ndani ya nyumba ni dunia nyingine kabisa. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani la 2021 ni miligramu 4 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, yaani kama sehemu 3.5 kwa milioni. Hewa ya nje isiyo karibu na moto ina sehemu 0.1 kwa milioni. Jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa kwa baridi, linafikisha mamia, na watu hulala wasiamke. Kwa hilo nunua king'ora cha ukutani, toa jiko nje. Hakuna data ya angani itakayokusaidia.

Uchukue ipi, basi

Kama unaanza leo na unataka kuona msimu wa moto wa nchi yako, mipaka ya mikoa, tofauti ya mwaka huu na uliopita: TROPOMI, bila kujadiliana sana. Afrika inaungua kwa zamu. Desemba hadi Februari ni ukanda wa kaskazini mwa ikweta, Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kusini, Angola, Katanga, Zambia na misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania. Kwenye kilele cha msimu safu juu ya Afrika ya Kati hufika maradufu ya kawaida, na ishara kubwa namna hiyo TROPOMI inaipata kwa siku moja. Gesi hii inaishi wiki kadhaa hadi miezi miwili hivi kabla haijaliwa na kemikali za hewani, kwa hiyo utaona hata moshi wa jirani ukihamia kwako.

Swali lako likiwa na neno "tangu" ndani yake, tangu 2000, tangu kiwanda kifunguliwe, tangu msitu ule ukatwe, rudi kwa MOPITT, aina ya J kama uko nchi kavu. Usiunganishe MOPITT hadi 2017 na TROPOMI kuanzia 2018 ukauita mstari mmoja. Saa ni tofauti, usikivu tofauti, kimo tofauti. Weka miaka ambayo wote wawili walikuwa kazini sambamba, uone wanavyopishana kwenye eneo lako, ndipo uamue.

Bahari, usiku, moshi wa mbali: IASI au CrIS.

Ukitaka namba ya hewa ya ardhini saa baada ya saa na huna kituo, sitakudanganya kwamba kuna satelaiti ya kukupa. Nenda CAMS ya Ulaya, modeli inayolishwa vipimo vya satelaiti: utabiri wake una gridi ya digrii 0.4, na marejeo ya nyuma hadi 2003 yana gridi ya digrii 0.75. Iite modeli kwenye ripoti yako, usiiite kipimo. Afadhali zaidi, tafuta kituo. Rwanda wana kituo cha mlima Mugogo, kwenye mita 2,590, kinachopima kaboni monoksidi hewani moja kwa moja, na mipando yake miwili ya mwaka, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, inafuata zile zamu mbili za moto nilizotaja. Kenya nayo ina kituo cha mlima Kenya, mita 3,678. Kulinganisha safu ya TROPOMI na kituo kilicho juu ya mlima kuna shida zake (pikseli inachukua bonde na kilele pamoja), ila ni mtihani wa kweli kuliko kulinganisha satelaiti na satelaiti.

Kwa mwenye subira, kuna jambo jipya: Agosti 2025 Ulaya ilirusha MetOp-SG-A1, iliyobeba IASI ya kizazi kipya na Sentinel-5 kwenye chombo kimoja. Joto na jua, mahali pamoja, saa ileile. Ni lile wazo la MOPITT, safari hii na pikseli ndogo na ukanda mpana. Likitimia, nusu ya niliyoyaandika hapo juu kuhusu hewa ya chini itabidi yaandikwe upya, na nitafurahi.

Ramani yangu ile niliirudia. Niligawanya safu kwa kanieneo, nikachuja kwa 0.7, nikapaka rangi zilezile. Shimo la Kilimanjaro likafifia, likabaki kivuli chepesi tu, kwa kuwa hata kwa sehemu kwa bilioni hewa ya juu huwa na gesi hii kidogo kuliko ya chini. Nairobi ikapanda ikakaribiana na pwani. Na magharibi, kuanzia Tabora kushuka Katavi na Rukwa, kulikuwa na utepe mwekundu mrefu wa miombo inayoungua. Ulikuwepo kwenye ramani ya kwanza pia, umefifishwa na urefu wa nyanda za juu, nami sikuwa nimeuona kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na dirisha langu la hewa safi.